Juu ya Kwenda kwa Miguu

Lugha yetu ina methali mbili ambazo, zikikutanishwa, hugombana. Moja yasema, Tembea uone. Nyingine yasema, Mtembezi hula miguu yake. Usidhani, msomaji, kwamba wahenga walisahau leo lile walilolinena jana. Yamkini waliwaona watu wawili katika njia moja: mmoja alikwenda akarudi na habari, wa pili alizurura akarudi na vumbi. Lakini yupo mtu wa tatu ambaye methali hizi hazikumtaja. Huyu hutoka nyumbani jioni bila ya shughuli yoyote, kupunga upepo tu, na hurudi amepata kitu asichoweza kukitia mfukoni. Ni mzururaji huyu, au ni mwenye hekima? Suali hili laweza kuonekana dogo, nami naliona lina uzito.

Chukua mfano wa Mishomoroni, kule Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa. Alfajiri watu hutoka kwa wingi kwenda kisiwani kutafuta riziki. Wenye nauli hupanda matatu, tuktuk au bodaboda. Wasiokuwa nayo hushika njia kwa miguu, mwendo wa saa moja na zaidi hata kufika darajani. Aliyemo ndani ya matatu husikia muziki wa dereva na huona kisogo cha aliyekaa mbele yake. Anayekwenda kwa miguu hujua ni kwa nani mahamri yanaepuliwa sasa hivi na ni kwa nani mbaazi bado hazijatiwa tui. Hujua mwembe upi umetoa maua, na ni nyumba gani iliyokesha na mgonjwa, kwa kuwa taa yake ingali inawaka hali jua limekwisha kupanda. Hakuna aliyemfundisha mambo haya. Macho yake yamekwenda kwa kasi ya miguu yake, na naamini kwamba hiyo ndiyo kasi ambayo macho ya binadamu yaliumbiwa.

Tena zingatia neno lenyewe. Kutembea ni kwenda kwa miguu, na kumtembelea mtu ni kwenda kumwangalia kwake. Lugha imeyatoa maneno haya mawili katika shina moja, kana kwamba haikuweza kufikiri mtu ainue mguu pasipo kumwendea mwenziwe. Halikadhalika mwendo wa mtu na mwenendo wake vyote vimetoka katika kwenda. Mzee wa Kimvita akiuliza mwenendo wa kijana, haulizi habari za viatu vyake. Mwenda kwa miguu hawezi kupita mbele ya baraza la wazee akanyamaza. Hana budi kuamkia, kujibu, kuulizwa hali ya mama, na pengine kutumwa dukani. Gari humpitisha mtu mbele ya baraza hilo bila deni la salamu. Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo faida ya gari. Siku hizi, kwa kweli, hata mwenda kwa miguu huweza kulikwepa deni hilo, maana huinamia simu yake toka mlangoni hadi aendako. Mtu huyo ametembea kama kifurushi kinavyosafirishwa.

Watu wa fikra waliujua mwendo huu tangu kale. Wafuasi wa Aristotle, aliyefundisha Athens, walipata jina lao kutokana na kutembea. Immanuel Kant, kule Königsberg, alikuwa na saa yake maalumu ya matembezi kila siku. Naye Ibn Battuta, alipofika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba wenyeji walikwenda pekupeku, na kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na maji ya kuoshea miguu kabla ya kuingia. Katika mambo yote ambayo msafiri yule angaliweza kuyakumbuka juu ya mji wetu, hakuisahau miguu ya watu wake.

Hapa, msomaji, pana mtu ambaye amekuwa akinisikiliza kwa uvumilivu mwingi, na sasa ana haki ya kusema. Ni yule asiyekuwa na nauli. Atasema: Mwalimu, unasifu raha ya kutembea kwa sababu ukichoka utapanda gari, mimi nikichoka, nitazidi kutembea. Neno lake ni zito, wala sitaki kulipunguza. Njia yake hiyo hiyo, kabla haijafika darajani, hupita Kengeleni. Mahali hapo palipata jina kwa kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wengi katika waliouzwa pwani walifika kwa miguu kutoka bara, wamefungwa, mwendo wa majuma na miezi. Wapagazi wa misafara nao walitembea njia hizo huku wamebeba pembe za ndovu. Hatua zao kwa sura zilikuwa kama za mtu anayepunga upepo ufukoni: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni katika Kenya ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, aulizwe njiani ni nani na anafanya kazi kwa nani. Basi raha ya kutembea haimo katika miguu peke yake. Imo katika kuweza kusema, nimependa kwenda. Na tena, nimependa kurudi.

Kwa hiyo mwenye kushiba asimhubirie mwenye njaa juu ya uzuri wa jua la saa sita. Wala asiseme mtu kwamba njia ni moja kwa wote. Msichana anayesoma maneno haya ajua kwamba uchochoro ambao kaka yake hupita usiku akiimba, yeye huuzunguka hata mchana. Na wote wawili wajua kwamba barabara nyingi zetu zilipimwa kwa upana wa magari, mwenda kwa miguu akaachiwa mtaro; si ajabu kwamba katika Kenya wanaokufa barabarani kwa wingi zaidi ni wale wasiokuwamo ndani ya chombo chochote. Mji ambao watu wake wengi hutembea, nao haukuwawekea pa kukanyaga, umekosa adabu, hata ukijenga ghorofa za kugusa mawingu.

Lakini yule asiye na nauli nina neno moja naye, nami nalisema kwa kuwa nimewasikia watu wa namna yake wakilisema wenyewe. Umasikini unaweza kumlazimisha kutembea. Haujaweza kumlazimisha asione. Mawazo anayoyafikiri kati ya Mishomoroni na kisiwani ni mali yake. Hakuna anayemwamuru wakati ule, na kwa walio wengi saa hiyo ndiyo pekee ya namna hiyo katika mchana mzima. Kumnyang'anya hata sifa hii, kwa kumwonea huruma tu, ni kumfanya masikini mara mbili.

Ukitaka kuhakikisha, nenda siku moja ukasimame juu ya Daraja la Nyali, lile lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa daraja la zamani lililokuwa likielea majini. Upande mmoja utaona maji yakielekea bandari ya kale, upande wa pili yakiingia bara kwa Tudor. Pepo za bahari huvuma hapo bila kuuliza nauli. Watazame wanaopita kando: huyu hana shilingi, yule ameamriwa na daktari afanye mazoezi, na wa tatu ameliacha gari nyumbani kwa kupenda tu. Kwa nyuma hutawatambua. Itakubidi uongeze hatua, umfikie mmoja wao, umsabahi, mwende pamoja hadi ng'ambo.