Joto Lililookolewa ni la Nani?

Oktoba ikiingia Uingereza, wenye nyumba hupanda darini kukagua sufu inayozuia joto lisitoroke; unene unaopendekezwa ni sentimita 27. Chini, mwingine huwasha udi na kuupitisha taratibu kwenye kingo za mlango. Moshi ukipinda, hapo ndipo baridi inapopenya, na utepe wa sponji hupaziba kwa dakika chache.

Je, kuziba ufa ni ibada, au ni kuogopa bili tu?

Mwislamu ana jibu karibu: israfu imekatazwa, hata maji ya udhu hayamwagwi ovyo. Sinodi Kuu ya Kanisa la Anglikana la Uingereza nayo ilijiwekea mwaka 2020 lengo la kufuta hewa ukaa yake ifikapo 2030. Mtihani kweli, kwa makanisa ya mawe yenye dari za juu vile!

Mchumi William Stanley Jevons alishatia kitumbua mchanga mwaka 1865: injini zilizobana makaa ya mawe, alisema, ziliongeza matumizi yake. Nyumbani ni vivyo hivyo. Chumba kikishika joto, mkono hupandisha nyuzi mbili, au akiba hununua tiketi ya ndege ya kufuata jua. Tiketi hiyo ni vigumu kuitetea. Ila kwa mzee aliyekuwa akilala na koti, nyuzi mbili si israfu hata kidogo, na hapo Jevons na tani zake za makaa hana la kumwambia.