Deni la Mlalaji

Lugha yetu haina jina moja tulivu la kitu hiki. Tukisema machela, fikira humwendea mgonjwa anayebebwa, au yule bwana mkubwa wa zamani aliyechukuliwa mabegani mwa watu hali amejinyoosha. Tukisema susu, wengine hukumbuka wavu wa kutundikia vyombo. Nitalishika neno bembea, kwa kuwa ndani yake mna kubembeleza, na kubembeleza ndiko kulikonitia katika suala hili.

Bembea ninayoikusudia ni ile isukwayo na Wamaya wa rasi ya Yucatán, nchini Meksiko. Si kitambaa, ni nyuzi nyembamba za pamba au nailoni zipitishwazo baina ya miti miwili ya fremu, uzi ukiukumbatia mwenziwe, pasi na fundo katika kiwiliwili chake chote. Ndiyo maana hunyumbuka kumfuata alalaye. Jina lake la Kihispania, hamaca, limetoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi. Ni neno la watu wa visiwani, basi, jambo ambalo kwa upendeleo wa wazi napenda kulitaja.

Ajuaye kuchagua huanza kwa mikono. Huipima uzito, kwani katika mbili za ukubwa mmoja, iliyo nzito ndiyo iliyoshiba nyuzi. Huitanua akatazama vitanzi kama ni vidogo na vya kukaribiana. Huvuta kingo aone kama zimekaza. Pamba hupendeza mwilini. Nailoni haiozi upesi kwa unyevu. Lakini tafakari, msomaji: alama zote hizo za ubora ni alama za saa za mtu, aghalabu mwanamke, afumaye nyumbani baina ya jiko na watoto, siku baada ya siku, kwa ujira wa kipande. Nilipoinunua yangu mjini Mérida, kwa mchuuzi aliyezibeba begani, nilizitambua alama hizo moja moja, nikazisifu moyoni, kisha nikambembeleza mpaka bei ikashuka nusu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nathubutu kuwakosoa: chema nacho hujitembeza, mwenyewe akiwa na njaa.

Je, nilidhulumu? Rafiki yangu mmoja, hodari wa hoja, aliniambia kuwa bei iliyoridhiwa na wawili ni halali, na aliyeuza hakushikiwa panga. Kwa sheria ya soko ana haki. Hata hivyo, ridhaa ya mwenye dhiki si sawa na ridhaa ya mwenye nafasi. Na zaidi ya hayo, mfumaji hakuwapo pale hata akaridhia chochote. Niliyepatana naye ni mchuuzi. Aliyepunguziwa ni mwingine, nisiyemjua kwa sura wala kwa jina.

Nchi ile yajua vyema jinsi deni linavyoweza kugeuzwa kichwa chini miguu juu. Katika mashamba ya katani ya Yucatán, hadi miaka ya 1910, Wamaya kwa maelfu walifungwa kwa tajiri zao kwa madeni yasiyolipika. Aliyekata majani tangu alfajiri ndiye aliyeambiwa kuwa anadaiwa. Wala katani hiyo si ngeni kwetu. Bandari ya Sisal, huko huko Yucatán, ndiyo iliyoupa mkonge jina ulilonalo duniani; na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida hadi Afrika Mashariki ya Wajerumani, miche 62 tu ikafika hai. Mashamba ya Tanga yalizaliwa humo. Na huku visiwani, wanawake wanaofukia makumbi, wakayafukua na kuyapiga, kisha wakasokota kamba, wanaijua bei ya saa zao bila kusimuliwa habari za Wamaya.

Niliporudi nilidhani nitalipa kwa kutunza. Niliitundika kwenye kulabu mbili za juu, nikaiacha ilegee, isikazwe kama kamba ya kuanikia nguo. Nilijifunza kulala mshazari, kwani alalaye kwa urefu wake hujipinda kama ndizi, kisha huilaumu bembea. Navua mkanda, natoa funguo mfukoni. Asubuhi naikusanya na kuitundika upande mmoja. Naiosha kwa mkono, ncha zikiwa zimefungwa ili nyuzi zisisokotane, na kuianika kivulini. Utunzaji huo una adabu yake: kuiharibu kwa uzembe ni kuzipoteza saa za mfumaji mara ya pili. Lakini sikubaliani na wasemao kwamba kukienzi kitu ni kumlipa aliyekifanya. Heshima yangu haifiki jikoni kwake. Ile nusu ya bei niliyoibakiza mfukoni huenda ingefika.

Mwaka jana kifungo cha shati kilikata uzi mmoja karibu na ukingo, tundu likaanza kupanuka. Nilikaa nalo jioni nzima, mimi nisiyejua kusuka hata ukili, nikauunga uzi kwa fundo. Ndilo fundo pekee katika bembea nzima. Nikilala mshazari, hunigusa chini ya bega la kushoto.