Nafuu Si Kupona

Katika viungo vya mwili wa mwanadamu hapana mtumishi mwenye zamu ndefu kama moyo. Hupiga mara 100,000 hivi kila siku, tulalapo na tuamkapo, wala hauombi ujira wala mapumziko. Kwa kuwa haulalamiki, hatuukumbuki. Lakini ukichoka, damu hurundikana nyuma yake kama maji ya mto uliozibwa. Maji hupenya mapafuni, miguu huvimba, na pumzi hupungua. Udhaifu huo ukizidi kwa ghafula, mgonjwa hawezi kulala chali. Huketi kitandani usiku kucha akitweta, mfano wa mtu azamaye majini hali yu nchi kavu.

Mtu wa namna hii akifikishwa hospitali mapema, husaidiwa kwa njia zinazojulikana. Huketishwa wima, damu yake ikiwa na upungufu wa oksijeni, hupewa hewa hiyo, kisha hudungwa sindano ya dawa iitwayo furosemaidi, ambayo huyatoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Mara nyingi pumzi huanza kurejea baada ya saa chache, na uvimbe hupungua siku zinazofuata. Jamaa hufurahi, hushukuru, na humchukua mgonjwa wao nyumbani wakisema kuwa amepona.

Hapo ndipo linapozuka swali linalotupasa kulitafakari. Je, wajibu wetu kwa mtu tuliyemwokoa hukoma hatari inapopita?

Kati ya mwaka 2007 na 2010 madaktari wa hospitali 12 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, waliandika habari za wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa maradhi haya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kilichowaangusha wengi kuliko vyote kilikuwa shinikizo la damu. Hawakuwa vikongwe, walikuwa watu wenye mashamba ya kulima na watoto wa kusomesha. Waliofia hospitalini walikuwa 4 hivi katika kila 100. Lakini siku 180 zilipotimia tangu kulazwa, waliokufa walikuwa karibu 18 katika kila 100. Maana yake ni wazi: wengi wa waliokufa walikwisha kuvuka ule usiku wa kutweta. Walikufa baada ya watu kushukuru.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la mgonjwa mwenyewe. Amepewa dawa, ameagizwa apunguze chumvi, ameambiwa siku ya kurudi. Asipotii, amlaumu nani? Neno hili lina sehemu ya haki, kwa sababu mtu mzima ana hiari yake. Walakini hiari huhitaji maarifa na uwezo. Mtu asiyeelezwa kwamba dawa za moyo humezwa kila siku, pengine maisha yote, huziacha mara ajionapo mzima, akidhani anatumia busara. Na mtu ambaye fedha za dawa ndizo hizo hizo za unga hachagui kati ya utii na ukaidi. Huchagua kati ya njaa ya leo na kifo cha kesho. Kumwita huyo mkaidi ni kumwongezea mzigo wa pili.

Wengine watasema kwamba madaktari ni wachache, na mlangoni wanangoja wagonjwa wapya. Hili nalo ni kweli. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mgonjwa aliyeachwa bila uangalizi hurudi akiwa dhaifu kuliko mwanzo, na kitanda kile kile humhitaji tena.

Liko jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2022, lililohusu wagonjwa 1,078 katika nchi 14. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili liliitwa mara kwa mara katika majuma 6 ya kwanza, likapimwa, na dawa zikaongezwa upesi hadi kiasi kinachotakiwa. Katika siku 180, waliokufa au kurudishwa hospitali kwa ajili ya moyo walikuwa 23 hivi katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 15 hivi katika kundi la pili. Dawa zilikuwa zile zile zilizojulikana miaka mingi. Kilichozidi ni uangalizi.

Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Huruma ya usiku wa hatari huja yenyewe, kwa kuwa kilio huamsha kila mtu. Huruma ya mwezi wa tatu haina kilio cha kuiamsha. Lazima iamshwe na wajibu. Ndiyo sababu nasema kwamba nafuu ya mwenzetu hutuongezea deni badala ya kulifuta. Serikali inadaiwa dawa ambazo maskini ataweza kuzipata. Daktari anadaiwa maelezo kwa lugha ambayo mgonjwa anaifahamu. Jamaa wanadaiwa macho yao.

Nawe msomaji, ingawa u kijana, humo katika deni hilo. Waweza kumsomea bibi yako maandishi ya chupa ya dawa, kumkumbusha siku ya kliniki, na kuandika uzito wake kila asubuhi. Ukizidi kilo 2 katika siku 3, huenda maji yanarudi, na yafaa daktari ajulishwe kabla pumzi haijakatika. Tena fanya hayo kwa adabu, kwa kuwa kumlinda mtu si kumtawala.

Hata uangalizi mwema kuliko wote hauzuii kila kifo. Baadhi ya mioyo imechakaa mno, na hakuna awezaye kuahidi uzima. Lakini kufa ukiwa umelindwa na kufa ukiwa umesahauliwa ni mambo mawili mbalimbali, na tofauti yake imo mikononi mwetu tulio hai.