MLEVI ALIYE KARIBU NA KUFA, NA WAJIBU WA MWENZIWE

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiharimisha pombe ili kuhifadhi akili za waja wake, na akaharimisha roho ya mwanadamu kupotezwa bure. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Usiku mmoja wa Septemba 2004, katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, kijana wa miaka 18, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia chuo kikuu, alinywa pombe pamoja na wenziwe hata akawa hajitambui. Wakamlaza juu ya kochi. Wengine wakamwandika wino mwilini kwa mzaha. Kisha wakamwacha, wakidhani usingizi utamlevua. Kulipokucha alikutwa amekufa.

Dhana hiyo ndiyo iuayo. Matabibu hueleza kuwa pombe iliyo tumboni huendelea kuingia damuni hata baada ya mtu kuacha kunywa; basi aliyelala huzidi kulewa naye yu usingizini. Pumzi hupungua, mwili huwa baridi, midomo hugeuka rangi ya samawati, na akitapika huweza kupaliwa na matapishi yake, kwa kuwa koo limekufa ganzi. Kahawa haimfai, wala kumwagiwa maji. Limfaalo ni kulazwa ubavu, asiachwe peke yake, na kuitiwa tabibu upesi.

Lakini kuna la pili lizuialo msaada, nalo ni khofu. Tangu sharia ya mwaka 1984, majimbo ya Marekani yalisukumwa kumkataza kununua pombe kila aliye chini ya miaka 21. Basi mwanafunzi wa miaka 19 akimwita tabibu kwa ajili ya mwenziwe, amejishitaki nafsi yake pia. Husimama mbele ya mtu anayekata roho, akapima adhabu ya chuo na ghadhabu ya baba yake, na huku saa zinakwenda.

Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Cornell, huko New York, kiliweka kanuni mwaka 2002, kuwa amwitaye tabibu kwa mlevi aliye khatarini, na huyo mlevi mwenyewe, hawataadhibiwa na chuo kwa unywaji huo, ila mgonjwa atafunzwa na kunasihiwa. Waliochunguza waliona wito wa msaada umezidi, wala hawakuona kuwa ulevi umezidi. Jimbo la New York likatunga sharia ya namna hiyo mwaka 2011, na Michigan mwaka 2012.

Huenda Muislamu akanena: Je, huku si kuufungulia ulevi mlango? Na ajibiwe kwamba pombe ni haramu, chache yake na nyingi yake, wala hakuna sharia ya wanadamu iwezayo kuihalalisha. Lakini kuharimishwa kinywaji hakukuhalalisha damu ya mnywaji. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kuwa mwenye kusali akimwona mtu anazama, naye aweza kumwokoa, ni wajibu aikate sala yake. Ikiwa Sala, iliyo nguzo ya dini, hukatwa kwa ajili ya roho, itakuwaje roho iachwe kwa kuogopa aibu?

Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa mlevi mmoja aliletwa mbele ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akaadhibiwa. Mtu mmoja akamwapiza, na Mtume akawakataza wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Angalia basi: adhabu ilisimama, na udugu haukuvunjika. Ikiwa kumwapiza tu ni kumsaidia Shetani, kumwacha afe, mlango wa toba ukafungwa, ni nini?

Ewe baba Muislamu, kijana wako akiingia katika maasi, akamwona mwenziwe hapumui vema, je, atathubutu kubisha mlango wako usiku? Au umemtisha hata aone maiti ni nyepesi kuliko hasira zako? Mwambie leo, kabla hayajatokea: pombe ni haramu nami siiridhii, lakini mtu akiwa khatarini, niite kwanza, na maneno yatakuja baadaye. Aliyepona huweza kurudiwa na kutubia, aliyekufa harudiwi.

Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Hakubagua nafsi ya mwema na nafsi ya muasi.

Ewe Mola, wahifadhi vijana wetu na ulevi, na walioingia uwape umri wa kutubia. Amin.