Kilipotelea Ndani

Mzee mmoja wetu hapa Busia anatafuta makala ya Weekly Review, jarida alilolianzisha Hilary Ng'weno mwaka wa 1975, likaacha kutoka 1999. Ilikuwa na picha ya marehemu kakake. Ameuliza hata kina mama wa omena sokoni, maana wao hufungia na magazeti. Nikamwambia, baba, kwako umepekua vizuri?

Soma 2 Wafalme 22. Kitabu cha torati kilipotelea ndani ya hekalu! Pesa zinaingia, mafundi wanalipwa (hapo mimi mtu wa hesabu nafurahi), lakini Neno halisomwi. Hilkia alikiona wakati wa ukarabati. Yosia aliposomewa, akararua mavazi yake.

Ndugu, Biblia yako iko wapi saa hii? Usiniambie iko kwa simu. Simu asubuhi uliifungulia nini?