Mgeni Asiyekunywa

Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: mtu anayejihadhari sana na haramu moja anayoijua, je, hadhari hiyo yaweza kumfumba macho asiione nyingine aliyoibeba mwenyewe mfukoni? Nimeishi na swali hili tangu mwaka 1996. Mimi si mwanafalsafa. Ni mtu wa Mchikichini niliyeuza matunda Kariakoo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitalieleza kwa kisa, maana hoja tupu sizimudu.

Mwezi Machi mwaka huo nilikwenda Dodoma kununua zabibu. Wengi wetu wa Dar es Salaam tunazila tu bila kujua zilikotoka. Mizabibu ya Dodoma ililetwa Bihawana mwaka 1957 na wamisionari wa Kiitaliano, watu ambao kwao misa haiwezi kuwa misa bila divai. Baadaye wafungwa wa gereza la Isanga wakailima, na vijiji vikafuata: Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na vingine. Ni nchi ya mibuyu na vumbi, mvua yake haba, lakini mzabibu umeipenda kiasi cha kuzaa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Waitaliano wenyewe hawalioni kwao.

Kijiji nilichokwenda hakikuwa na gesti. Nililala katika nyumba ya wageni ya misheni, nyumba kongwe yenye kuta nene na baraza ndefu, ambayo upande wa nyuma ilipakana na ghala la mapipa. Harufu ya mvinyo ilipita chini ya mlango usiku kucha. Kwa mtu aliyelelewa chuoni, akafundishwa kwamba laana ya kileo haimwishii mnywaji bali humfikia na mkamuaji na mbebaji na muuzaji, kulala mle lilikuwa jambo la kufikiriwa.

Nami nilikuwa nimelifikiria. Kabla ya safari nilikwenda kwa maalimu wetu na maswali manne. Naweza kulala nyumba inayotengeneza mvinyo? Naweza kula chakula chao? Naweza kununua zabibu kwa mtu ambaye zilizobaki anazipeleka kiwandani? Je, nikiwekewa glasi isiyojulikana jana ilitiwa nini? Maalimu alinijibu yote kwa subira. Lala, kula kilicho halali, glasi ioshwe, zabibu ni tunda kama embe. Ila usikae kwenye meza ambayo kileo kinanyweka.

Jioni ya kwanza Bruda aliyesimamia nyumba ile, mzee mpole mwenye mikono iliyopigwa rangi na kazi yake, aliweka chupa mezani. Haikuwa na karatasi yoyote ya jina. Nilitambua kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa aliyokuwa nayo ya kumpa mgeni. Nikamwambia, "Bruda, uniwie radhi, dini yangu hairuhusu." Hakuuliza neno. Aliichukua chupa, akairudisha kabatini, akaleta jagi la maji, na siku mbili zote nilizokaa naye alikunywa maji pamoja nami. Nilikwenda kulala nikijiona mtu mwema. Nilikuwa nimevuka mtihani kwa adabu, bila kumwudhi mwenyeji wala kumwasi Mola.

Asubuhi yake nikaenda shambani kwa mzee mmoja, jirani wa misheni. "Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo changu cha kituo cha basi, akacheka. Shamba lake lilikuwa limeiva lote. Vichala vyeusi vilining'inia, na nyuki walikwisha anza kuvila. Kiwanda kilichozoea kununua zabibu za kijiji hakikuwa kimeleta gari msimu ule, na mapipa ya misheni yalikwisha jaa. Zabibu si mahindi kwamba utaziweka darini ungoje bei. Mvua moja ya Machi ikizikuta zimeiva, zinapasuka na kuoza mtini.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na bei yangu kichwani, bei ambayo ingeniachia faida nzuri hata baada ya kuhesabu basi, maboksi na zitakazopondeka njiani. Nilipoona wale nyuki, nikataja chini ya nusu yake. Mzee alinyamaza kidogo, akatazama mawingu, kisha akasema, "Haya baba, chukua. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Alinisaidia hata kufunga maboksi.

Jioni mezani, katikati ya mazungumzo mengine, Bruda akaniuliza nilinunua kwa kiasi gani. Nikamtajia. Akasema "Aa," basi, akanimiminia maji. Ni hapo tu, na jagi likiwa mbele yangu, ndipo nilipokumbuka kwamba kwa maalimu nilipeleka maswali manne juu ya mvinyo, na sikupeleka hata moja juu ya bei.

Najua utetezi wangu, maana nimejitetea miaka yote hii. Nisingenunua, mzee asingepata hata senti. Sikumdanganya, sikupunja mizani, na tulikubaliana. Tena Kariakoo kila siku jua likitua nyanya hushuka bei, na wanunuzi wajanja hungoja saa hiyo bila mtu kuwaita wezi. Yote haya ni kweli. Lakini mwuza nyanya wa Kariakoo anaijua bei ya mjini kama anavyoijua mnunuzi wake, na leo akibanwa yeye, kesho atambana mwenzake. Mzee yule hakuwa na kesho ya namna hiyo. Hakujua zabibu zake zingeuzwa kiasi gani Kariakoo, mimi nilijua. Yeye hakuweza kungoja, mimi niliweza. Kitendo kile kile kilikuwa msaada na kilikuwa unyonyaji, na kwa kuwa kilikuwa msaada, ilikuwa rahisi kutoliona lile la pili. Tulikuwa na neno la watu kama mimi, mlanguzi, neno ambalo mwaka 1983 lilitosha kumpeleka mtu ndani. Nilikuwa nikidhani mlanguzi ni yule anayeficha sukari.

Baadaye nilimwuliza maalimu swali la tano. Akaniambia wanazuoni wamelijadili zamani sana suala la kununua kwa mtu aliyebanwa, na hawakulipenda, ingawa hawakusema kauli moja. Akaongeza, bila kunitazama, kwamba watu humjia kila wiki kuuliza kuhusu nguruwe na pombe, na aliyemjia kuuliza kuhusu bei hakumbuki. Nadhani sababu si unafiki, au si unafiki mtupu. Chupa inaonekana. Ina mahali inapoanzia na inapoishia, unaweza kuisukuma pembeni kwa mkono mmoja na meza nzima ikaona. Dhuluma ya bei haina chupa. Hakuna kiwango ambacho shilingi moja chini yake ndiyo haramu, na mtu anayetaka kuiepuka hana budi kujipimia mwenyewe, tena mbele ya faida yake. Nani anapenda kuwa hakimu wa namna hiyo?

Mwaka uliofuata nilirudi. Ile tofauti ya bei niliihesabu nikaitia katika bahasha. Nilimkuta mzee nyumbani, lakini mizabibu haikuwapo. Alikwisha ing'oa yote akapanda uwele. Nilimpa bahasha nikamweleza ni deni. Akaikunjua, akaikunja, akanirudishia. "Deni gani, baba? Tulikubaliana." Nilisisitiza, akaanza kukasirika, kana kwamba namwambia hakujua alichokuwa akifanya siku ile. Sikuwa nimeliwaza hilo. Aliyekubali kwa kubanwa, ukimwambia baadaye kwamba alidhulumiwa, huenda unamnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho, nacho ni neno lake. Mkewe alituletea ugali wa uwele na mlenda, tukala, tukazungumza habari za mvua.

Usiku nililala misheni, chumba kile kile. Bruda alikuwa amezeeka kidogo. Nilipoingia chumba cha chakula meza ilikuwa tayari imeandaliwa: sahani mbili, mkate, na jagi la maji katikati. Sikuhitaji kusema lolote.