Usichoke Kumngoja Mwenzio



Ni Jumapili asubuhi mjini Ruiru. Mama amewavisha watoto, anatafuta Rozari yake. Baba amerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku kiwandani Thika, amejifunika blanketi gubigubi. Mama anarudia maneno ya Jumapili iliyopita: “Baba watoto, utamjibu nini Mungu?” Baba anageukia ukutani. Mama anakwenda Misa na hasira moyoni, na njiani anajiuliza: miaka sita sasa, niendelee au niache?

Nyumba kama hiyo wengi wenu mnaijua. Dada yangu, usiache. Lakini badili njia.

Kudumu katika kuishuhudia imani si kudumu katika kulaumu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawaambia wake kwamba mume asiyelitii Neno aweza kuvutwa na mwenendo wa mkewe, hata bila maneno.

Mtazame Mtakatifu Monika. Mumewe, Patrisi, alikuwa mpagani mwenye hasira kali, akabatizwa mwishoni mwa maisha yake. Mwanawe Agostino naye alipotea kwa miaka mingi. Monika alimwendea askofu mmoja akimsihi abishane na kijana huyo. Askofu alikataa. Alimshauri amwache kwanza, ila amwombee tu. Monika hakuacha kuomba, na mwaka 387 Agostino alibatizwa na Askofu Ambrosi mjini Milano. Basi nawe, zungumza na Mungu juu ya mumeo zaidi kuliko unavyozungumza na mumeo juu ya Mungu.

Watu wa Ruiru mnaijua kahawa. Ile aina iitwayo Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, baada ya watafiti kuishughulikia zaidi ya miaka kumi ili istahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Naye mkulima akiisha kupanda mche hungoja tena miaka kabla ya kuchuma. Hakuna aendaye shambani kila asubuhi kuukemea mche. Hupalilia, hutia mbolea, hungoja mvua.

Je, nyumbani tupalilie namna gani? Kwanza, muulize mwenzio kwa upole kilichomweka mbali. Huenda ni uchovu tu. Basi tafuteni Misa ya saa nyingine. Huenda aliumizwa na mtu wa parokia, au anaona haya kwa kuwa hana mchango. Msikilize bila kumkatiza. Pili, salini na watoto kila jioni, hata kwa dakika tano, na mlango wazi. Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo ikifika kwenu, mkaribishe mumeo kama mwenye nyumba, wala usimgeuze somo la siku. Nne, urudipo kutoka Misa, rudi na uso mkunjufu. Ukirudi na ugomvi, atatamani nini huko ulikotoka?

Nanyi akina baba, msicheke mkidhani haya ni ya akina mama peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, ambamo wazazi wote wawili ni wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Mtoto akimwona baba amepiga magoti, hatasahau.

Neno moja zaidi: subira si kuvumilia kipigo. Anayepigwa atafute usalama, amweleze padre na wazee, na asiogope kwenda kwenye sheria. Kumwombea mtu hakukulazimishi kukaa chini ya ngumi yake.

Kila tarehe 27 Agosti Mama Kanisa humwadhimisha Monika, na kesho yake humwadhimisha Agostino. Mama hutangulia, mwana hufuata. Usiku huu, kabla ya kulala, mtaje mwenzio kwa jina mbele ya Mungu, na kesho asubuhi umwandalie chai bila lawama.